Saluni za Tanga zinazotundika dripu za kung'arisha ngozi: nani amezipa ruhusa ya kushika sindano?

Ndugu wanajamvi, salaam. Naandika uzi huu nikiwa na hasira, na sina sababu ya kuificha. Hapa Tanga mjini kuna saluni za maharusi ambazo hazitosheki tena na singo, liwa na hina. Katika gharama za kumwandaa mwali wameingiza dripu ya glutathioni iliyochanganywa na vitamini C, ambayo hutundikwa kwenye msumari katika chumba cha nyuma na mtu ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza cheti.

Binti wa dada yangu, ambaye anatarajia kuolewa, alitundikiwa dripu hiyo katika saluni ambayo sitaitaja. Kabla haijaisha alianza kutetemeka, akatapika, na mwili mzima ukamtoka mabaka. Wao walichomoa sindano, wakampa maji ya kunywa na kumwambia kwamba hizo ni sumu zinatoka mwilini. Tulipomfikisha hospitali, daktari alitaka kujua ameingiziwa nini na kwa kiasi gani. Nilirudi saluni kuomba chupa, au walau boksi lake, nikajibiwa kwamba taka zimeshatupwa na kwamba mchanganyiko wao ni siri ya biashara. Siri ya biashara! Mgonjwa yuko kitandani, daktari anatibu kwa kubahatisha, na msusi analinda siri.

Glutathioni yenyewe si kitu kigeni. Ni peptidi ndogo ya asidi amino tatu ambayo mwili hujitengenezea, na nchini Ufilipino sindano yake imekubaliwa kama dawa ya nyongeza kwa wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa sisplatini, dawa kali ya kuua seli za saratani. Hata hivyo, mamlaka ya dawa ya nchi hiyohiyo ilionya mwaka 2011 dhidi ya kuitumia kung'arisha ngozi, ikitaja vipele vikali vinavyoweza kuibabua ngozi, pamoja na madhara kwenye figo na tezi ya shingo. Mwaka 2015 mamlaka ya Marekani nayo ilieleza kwamba haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi. (Huko Ulaya kuna weupe wanaojidunga Melanotan II, ambayo nayo haijaidhinishwa, ili ngozi iwe nyeusi zaidi, biashara ni ileile ya kumuuzia mtu rangi ya mwenzake.)

Hiyo vitamini C wanayoisifia kuwa ni "ya matunda tu" nayo si ya kuchezewa. Ikimiminwa kwa wingi kwenye mshipa wa mtu mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu, inaweza kuzipasua chembe hizo, na upungufu huo wa kurithi si adimu katika ukanda wetu wa pwani, ambao umeishi na malaria kwa vizazi vingi, kwa kuwa humpa mtu kinga kiasi dhidi ya malaria. Mwenye figo dhaifu naye yumo hatarini. Je, saluni ile ilimpima binti yetu chochote, au ilimuuliza kama ana mimba au mzio? Iliuliza tu kama atalipa taslimu au kwa simu.

Tangu mwaka 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na dawa zimebaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kitu kinachoingia mshipani hakiwezi kuitwa kipodozi hata kikiuzwa pembeni ya mafuta ya nywele, kwa hiyo naomba wakaguzi wasiishie kwenye rafu kutafuta krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki na haidrokwinoni, bali wafungue na mlango wa chumba cha nyuma. Ikibainika kuwa anayedunga ni muuguzi anayetafuta posho baada ya zamu, basi Baraza la Wauguzi na Wakunga lipelekewe jina lake.

Yeyote aliyepatwa na madhara kama haya, awe Tanga, Muheza au Pangani, adai chupa, boksi na stakabadhi kabla hajatoka saluni na kuviwasilisha TMDA, kwa kuwa bila namba ya toleo ni vigumu mno kumfuatilia aliyeingiza mzigo huo nchini.