Dirisha la alumini mita 3, Tukuyu: profaili ya unene gani?

Ramani_Uyole: Wakuu, nina dirisha la kuslaidi, upana mita 3, kimo 1.5, kioo cha milimita 6. Dukani kuna profaili (vile vipande virefu vya alumini vya kuundia fremu) za unene wa milimita 0.9 na 1.4, zote wanaziita "hevi". Nichukue ipi? Na fremu niiachie nafasi gani ukutani?

FundiMafinga: Mkuu, achana na 0.9. Kioo cha 6 kina kilo 15 kwa mita ya mraba, kwa hiyo unabebesha reli ya chini karibu kilo 68. Reli nyembamba inabonyea penye magurudumu, dirisha linaanza kukwama. Usiamini stika: pima kwa venia (kile kipimo cha kubana cha kupimia unene) kwenye ncha iliyokatwa, ukwangue rangi kwanza, maana nayo inaongeza unene.

Alumini_Iringa: Nafasi: milimita 5 kila upande. Joto likipanda nyuzi 30, mita 3 za alumini hurefuka kama milimita 2. Ukibana kwa saruji, fremu inapinda. Plasta imalizike kwanza. Saruji mbichi inaunguza alumini, na lile doa jeupe halitoki hata usugue vipi.

FundiMafinga: Naongezea, maana mvua ya Tukuyu si ya utani: toboa matundu ya kutolea maji kwenye reli ya chini, upande wa nje. Fundi wengi huyaziba kwa silikoni wakidhani wanasaidia!

Ramani_Uyole: Shukrani. Skrubu?

Alumini_Iringa: Stenlesi. Za chuma cha kawaida zikilowa, kutu inaanzia hapo.