"Si walishazoea kulala eapoti?" Na aliyesema ni mwenzetu!

Mama Shukuru:
Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi. Niko kwenye gari, mikono inatetemeka, siwezi kungoja nifike nyumbani.

Mlioko huku Marekani, kusini mwa Seattle, jamaa mnamjua. Yule ambaye harusi haianzi mpaka asalimie kwa saa nzima. Jina sitaji, wasije wakanifungia akaunti.

Leo halmashauri ya mji ilikuwa inasikiliza maoni kuhusu ile hoteli inayotakiwa iwe makazi ya dharura ya wasio na nyumba, wakiwemo wakimbizi wapya waliokuwa wakilala eapoti, uwanja wa ndege. Kila mtu dakika mbili. Jamaa kaja na ramani, kachora miduara ya kalamu nyekundu kuzunguka kila shule, kila bustani, kila kituo cha basi, hadi maktaba, eti ndani ya miduara makazi hayo yasiwekwe. Miduara imemeza mji mzima! Palipobaki peupe ni barabara kuu ya I-5 na bwawa la maji ya mvua. Eti hapo ndipo watoto wakalale!

Na sheria ya jimbo la Washington ipo tangu 2021, HB 1220: hoteli inaporuhusiwa, mji hauwezi kukataza makazi ya dharura yaliyo ndani ya jengo. Mji unaweza kupanga umbali na idadi ya watu kwa ajili ya afya na usalama, ila si kwa kuziba kila nafasi. Na pale ni HOTELI jamani, vitanda vipo tayari!

Hayo ningeyameza. Sasa anarudi kukaa, anapita mbele yetu, Kiingereza chake kakiacha kule kwenye maiki, anatucheka kwa Kiswahili: "Si walishazoea kulala eapoti? Waendelee." Kwa Kiswahili! Ili wenye mji wasielewe, sisi tuelewe. Pembeni yangu kakaa mama wa Uvira, Kongo, mtoto mgongoni. Alivuta kitenge akamziba mtoto masikio.

EAPOTI! Mtu aliyelala sebuleni kwa watu mpaka zulia likachukua umbo lake!

Mzee Kibaraza:
Siti ya mbele. Leteni karanga.

BintiBukavu:
Dada, nimelia. Mwaka 2023 tulikuwa kwenye mahema pale kanisani Tukwila, Wakongomani, Waangola, Wavenezuela, mvua inapita chini ya magodoro. Huyo bwana alikuja kupiga picha.

Mpimaji253:
Mama Shukuru, soma sheria yote. Mji ukiwa na kanuni yake inayoruhusu makazi hayo katika maeneo mengi yaliyo ndani ya maili moja ya usafiri wa umma, si lazima yawe kila penye hoteli. Ila nyumba za kudumu zenye huduma, hizo haziwezi kukatazwa popote panaporuhusiwa nyumba za kuishi au hoteli.

Mama Shukuru:
Mpimaji, nimekuambia mtu kasema EAPOTI, wewe unanipa maili!

Kijana wa Kent:
Sasa mama, ulikuwa na dakika mbili kwenye maiki. Ulisema nini? Au ulikuja kulia kwetu?

Mama Shukuru:
Nilisema, na taa nyekundu ikawaka nikaendelea kusema. Muulize yeyote aliyekuwepo.

Tosha Sacramento:
Huku Kalifonia tangu 2007 kila mji lazima uwe na eneo ambapo makazi ya dharura hayahitaji kibali maalumu. Mnajua walichofanya baadhi ya miji? Wakachagua eneo la maghala, basi halifiki. Miduara mmeanza kuiona leo?

Kijana wa Kent:
Mimi kodi imepanda tena na lifti ni mbovu. Uzi wangu hakuna aliyechangia.

Mwenye Ukumbi:
Huyo mnayemsema si ndiye aliyekusanya mchango wa msiba mwaka jana? Hesabu ziko wapi?

Shemeji Mombasa:
Hesabu! Ana sufuria yangu kubwa ya pilau tangu Idi. Nikipiga simu, yuko mkutanoni.

Mama Shukuru:
Jamani turudi kwenye eapoti. Kikao kingine ni wiki ijayo, njooni mjaze viti.

Mwenye Ukumbi:
Sufuria ile yenye mfuniko uliobonyea? Shemeji, hiyo ni yangu.

Shemeji Mombasa:
Yako kivipi? Mimi nilitoka nayo Mombasa kwenye begi!