Nimwandikieje mbunge kuhusu kampuni za intaneti kufuatilia wateja?

Bi_Nuru:
Wakuu, salaam. Kuna jambo linaninyima raha na nataka limfikie mbunge wangu, ila sijui pa kuanzia.

Nimesoma masharti ya kampuni inayoniuzia intaneti. Ndani kabisa, kwenye sehemu ya kuboresha huduma, wamesema wanaweza kutumia historia ya matumizi yangu kwa matangazo, na kuwapa washirika wao wa kibiashara. Usipotaka, utafute mwenyewe mahali pa kujitoa.

Namuuguza mama. Ana maradhi ambayo hataki yajulikane hata na ndugu, na mimi usiku ndipo napata nafasi ya kusoma habari zake. Tovuti isiyo na heshima naweza kuiacha. Huyu ninayemlipa kila mwezi ili nifike popote, namkwepaje?

Rasimu yangu inaanza hivi: "Mheshimiwa, tunaomba utulindie faragha yetu mtandaoni." Inatosha? Na hasa wanaona nini?

Kijana_wa_Data:
Dada, weka VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwa siri kupitia seva ya kampuni nyingine, maisha yaendelee. Wanasiasa watakuchosha bure.

Fundi_Mitambo:
VPN inasaidia, lakini inahamisha tu macho: aliyekuwa anakuona ni kampuni ya intaneti, sasa ni mwenye VPN. Naye utamwamini kwa lipi?

Kuhusu wanachokiona: tovuti nyingi sasa zinatumia HTTPS, njia inayoficha yaliyomo kati yako na tovuti, kwa hiyo hawasomi ukurasa uliofungua wala ulichokiandika humo. Jina la tovuti mara nyingi wanalipata. Kifaa chako kinauliza anwani yake kupitia DNS, yaani kitabu cha anwani cha intaneti, na kama hujabadilisha chochote kwa kawaida swali hilo linajibiwa na seva zao. Halafu muunganisho unapofunguliwa, jina lilelile kwa kawaida linapita wazi. Ongeza saa uliyoingia, muda uliokaa na kiasi cha data. Kama tovuti inahusu ugonjwa mmoja tu, hawahitaji kusoma ukurasa.

Na kuna kampuni zilizowahi kwenda mbali zaidi. Verizon ya Marekani ilikuwa inapachika namba ya utambulisho kila mteja wa simu alipofungua tovuti isiyotumia HTTPS, namba ambayo mteja hawezi kuifuta kwenye kivinjari chake. Ilijulikana sana mwaka 2014, na mwaka 2016 wakalipa dola milioni 1.35 kumalizana na mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani, FCC.

Msoma_Barua:
Bi Nuru, pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya mbunge. Barua zote zilipitia kwangu kabla ya kufika mezani kwake, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona huko.

Barua yako ilivyo sasa ningeipa jibu la kawaida: "Mheshimiwa anathamini faragha ya wananchi." Si kwa dharau. Ni kwa sababu haina kitu anachoweza kukikubali au kukikataa. Barua niliyokuwa nampelekea mwenyewe ni ile yenye ombi moja linalomlazimu achague upande. Kwa jambo lako ningeandika hivi:

"Je, utaunga mkono kifungu kinachoikataza kampuni ya intaneti kutumia, kuuza au kutoa historia ya matumizi ya mteja mpaka mteja mwenyewe akubali kwanza?"

Vita yote iko hapo kwenye kukubali kwanza. Kampuni zitakuja na pendekezo lenye sura nzuri: mteja awe na haki ya kujitoa. Hiyo ndiyo hali uliyonayo leo. Wengi hawafungui kabisa ukurasa wa kujitoa, na wao wanalijua hilo vizuri kuliko mbunge. Mwambie mapema, kabla hawajafika ofisini kwake. Na watafika, wakiwa na wanasheria na karatasi zilizopigwa chapa vizuri.

Omba pia anayekataa asiadhibiwe. Jimbo la Maine, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2019 inayodai ridhaa kwanza, na likaweka wazi kwamba kampuni haiwezi kumnyima huduma aliyekataa, kumtoza zaidi, wala kumpa punguzo aliyekubali. Bila kifungu hicho faragha inakuwa ya wenye uwezo. Kampuni zilikwenda mahakamani mwaka 2020. Mwaka 2022 zikaachana na kesi na sheria ikabaki.

Ni bora sheria kuliko kanuni ya mdhibiti. FCC ilitunga kanuni ya ridhaa mwaka 2016. Machi 2017 Seneti ya Marekani ikaifuta kwa kura 50 kwa 48, Baraza la Wawakilishi la hukohuko 215 kwa 205, na Aprili Rais Trump akatia saini. Utaratibu uliotumika unamzuia mdhibiti hata kuirudisha kanuni inayofanana nayo bila sheria mpya. Tazama hizo kura za Seneti, tofauti ni mbili tu, halafu Kijana_wa_Data aniambie barua ni kazi bure.

Kama hakuna muswada wowote mezani, mwombe mbunge aiandikie kampuni maswali rasmi. Mei 2008 wabunge wa Marekani Edward Markey na Joe Barton, mmoja wa chama cha Democrat na mwingine Republican, waliiandikia kampuni ya intaneti ya Charter kuhusu mpango wake wa kufuatilia wateja kupitia kampuni ya matangazo, NebuAd. Mwezi uliofuata Charter ikausimamisha. Hakuna sheria iliyopitishwa. Ilitosha kampuni kujua kwamba itaulizwa hadharani.

Bi_Nuru:
Asante sana, nimepata mwanga. Habari ya mama niitaje, au itaonekana nalia?

Msoma_Barua:
Itaje, ndiyo inayoifanya barua iwe yako. Barua mia zenye maneno yaleyale nilikuwa nazihesabu tu; ya mtu aliyeeleza lake niliisoma mpaka mwisho. Lakini jina la ugonjwa usiliweke. Barua kwa mbunge inapita mikononi mwa watu wengi, na inaweza kusomwa kwenye kamati. Andika tu: "Namuuguza mzazi mwenye maradhi anayotaka yabaki siri." Bandika na nakala ya kile kipande cha masharti, ukipigie mstari.

Ukisikia muswada uko kwenye kamati, peleka wiki hiyohiyo, na nakala kwa mwenyekiti wa kamati. Kifungu ni rahisi zaidi kurekebishwa huko. Ukifika kwenye kura ya mwisho, mbunge wako anabaki na ndiyo au hapana kwa muswada wote.