Bando dogo, laini inasimama: turudi kwenye vipande 30?

msimamizi_laini:
Habari zenu wadau. Laini yetu ina cherehani 24, tunashona fulana za jezi (kitambaa cha kufumwa kinachovutika). Ili kupunguza mrundikano kati ya mashine na mashine, tulishusha bando, yaani fungu la vipande linalopitishwa toka mashine hadi mashine, kutoka vipande 30 hadi 10. Mrundikano umepungua kweli, lakini sasa laini inasimama kila mara. Mkaguzi wa mwisho anahesabu kasoro 14 kwa kila vipande 100, nyingi ni mishono iliyoruka kwenye pindo la chini na vitundu vya sindano. Uongozi unataka turudi kwenye 30. Mnashaurije?

fundi_ubora:
Msirudi. Kasoro hizo zilikuwepo tangu wakati wa 30, ila akiba ilizifunika: vipande 3 vikirudishwa, anayefuata bado ana 27 mkononi. Kwenye bando la 10 atabaki na 7, atamaliza mapema na kukaa bure.

Hamishieni ukaguzi kwenye chanzo. Mkaguzi wa kuzunguka achukue vipande 7 vilivyomalizika kwa kila mshonaji, mara 4 kwa siku, saa zisizotabirika. Vyote safi, kadi ya kijani. Kasoro moja, ya njano, na arudi ndani ya saa moja. Mbili au zaidi, nyekundu: mashine izimwe mpaka sababu ipatikane, bando lile na lililotangulia yakaguliwe kipande kwa kipande. Mashine ikiachwa iendelee chini ya kadi nyekundu, mfumo wote umekufa. Na tafadhali, mshonaji asikatwe hela kwa kadi hiyo; mkimkata, kasoro zitafichwa.

fundi_cherehani:
Kwa vitundu, anza na sindano. Jezi nyepesi inataka ncha ya mviringo, namba 70 au 75. Ncha kali hukata uzi wa kitambaa na tundu hupanuka kikivutwa au kikifuliwa. Pitisha ncha kwenye soksi ya nailoni, ikinasa, tupa. Badilisheni kila zamu, msingoje ivunjike.

Mishono ikiruka pale tu pindo linapovuka mshono wa ubavuni, ni unene: sindano inapinda kidogo na ndoano ya uzi wa chini inakosa kitanzi. Rekebisha muda wa ndoano na uisogeze karibu na sindano. Usikimbilie kubana mguu unaokandamiza kitambaa, pindo litakuwa na mawimbi.

msimamizi_laini:
Ahsanteni sana. Mkaguzi wa mwisho sasa tumpe kazi nyingine?

fundi_ubora:
Bado. Kwa oda ya fulana 3,000, AQL (kiwango cha kasoro kinachokubalika) 2.5, ngazi ya pili ya ukaguzi, mnunuzi huchukua sampuli ya 125 na kukubali zenye kasoro kubwa zisizozidi 7. Ya 8 ikionekana, mzigo umekataliwa. Kwa kasoro 14 zenu kwa kila 100 hamtapita. Abaki, lakini kila saa aandike kasoro kwa aina na namba ya mashine, karatasi ibandikwe kichwani mwa laini.

Kaulizeni pia chumba cha kukatia. Jezi ikikatwa moja kwa moja kutoka kwenye jora, hunywea baadaye na vipimo vikapotea. Ikunjuliwe na ilale saa 24 kwanza.