Tupeane uzoefu: mguu mmoja ukivimba ghafla, usiukande

Muuguzi, Lamu:
Asalaam aleykum waungwana. Mada ni damu iliyoganda ndani ya mishipa mikubwa ya mguu. Mnaoijua kazini, andikeni mnavyoitambua, kinachowadanganya, na yanayofanywa kabla mgonjwa hajapanda boti. Visa vya wagonjwa tuviwache, siri zao si zetu. Naanza mimi.

Cha kwanza natazama upande. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa, fikra huenda kwanza kwenye moyo, figo au mimba yenyewe. Lakini mguu mmoja ukivimba kwa saa chache au siku mbili tatu, kigimbi kikauma kama kilichokakamaa kisitake kulegea, na ngozi ikawa na joto kuliko ya mguu wa pili, mchukulie kuwa ana donge la damu mpaka ithibitishwe kwamba hana. Msisubiri wekundu. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kama weusi uliokoza au zambarau, na mara nyingi hauonekani kabisa. Mgongo wa mkono wako ndio wa kulinganisha joto.

Kupima, futi ya fundi cherehani yatosha. Mgonjwa alale chali. Tafuta nundu ya mfupa iliyo mbele, chini ya goti, shuka sentimita 10, tia alama ya kalamu, zungusha futi bila kukaza. Mguu wa pili vivyo hivyo. Tofauti ikizidi sentimita 3 ni alama nzito, nayo huhesabiwa katika kipimo cha Wells, yaani orodha ya alama ambazo madaktari hujumlisha kukisia kama mtu ana donge. Tofauti ikiwa ndogo haimaanishi kuwa salama. Kosa la kila siku ni kupima mguu mmoja juu na mwingine chini, kisha watu wakabishana juu ya tarakimu zisizolingana.

Mkunga, Langoni:
Niongeze la wazazi, yaani waliojifungua, kwa sababu ndio wanaonitia hofu zaidi. Hatari iko juu kabisa wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua, yaani ndani ya arobaini yenyewe. Damu ya mzazi imejitayarisha kuganda upesi ili asivuje sana, mishipa ya nyonga ilikuwa imebanwa na mimba, na sisi tunamlaza chumbani. Kama alipasuliwa, alitokwa na damu nyingi au amepata uambukizi, hatari huzidi.

Mimbani mguu wa kushoto ndio hushikwa zaidi. Vena (mshipa urudishao damu moyoni) ya upande huo hupita chini ya ateri (mshipa utoao damu moyoni) ya kulia ndani ya nyonga, ikabanwa. Kwa hiyo donge laweza kukaa juu, na kigimbi kisiwe na neno. Mzazi akikwambia paja lote limejaa, au kinena na kiuno vyauma upande mmoja, usimwambie ni uchovu wa uzazi.

Sasa kukanda. Kumkanda mgongo na mabega sina neno. Mguu mmoja uliovimba usiguswe kwa mafuta ya nazi, ya simsim wala kwa maji moto. Donge limeshika ukuta wa mshipa upande mmoja na mkia wake unaelea ndani ya damu. Ukilikamua laweza kukatika, likapita moyoni, likaziba mapafuni. Basi kabla hujatia mafuta kiganjani, funua miguu yote miwili uiangalie. Na arobaini si kulala: mzazi anywe maji, atembee chumbani na uani. Aliyepasuliwa ainuke mara tu wauguzi wanapomruhusu.

Msomaji, Faza:
Shukran. Huku mguu ukivimba watu husema ni matende. Nitatofautisha vipi?

Afisa tabibu, Malindi:
Swali hilo ndilo linalochelewesha watu pwani yetu. Matende huja kwa miaka: ngozi hukakamaa na kufanya mikunjo, na katikati huja homa za kurudi na mitoki. Donge huja kwa saa au siku. Ila mwenye matende naye hupata donge, kwa hiyo mguu wa zamani ukibadilika ghafla, usipite hivi hivi. Ngozi iliyoambukizwa nayo huiga: kuna homa, na mara nyingi kidonda au mpasuko baina ya vidole. Uvimbe wa maji nyuma ya goti ukipasuka hufanana kabisa, hapo doppla, yaani picha ya mishipa kwa mawimbi ya sauti, ndiyo itakayoamua. Mpigaji hubonyeza mshipa, na usipokubali kubonyea ndani yake mna donge. Kukunja unyayo juu na kuuliza kama kigimbi chauma, msikutegemee. D-dimer, kipimo cha damu cha kutafuta dalili za donge, nacho hupanda kwa mimba na kwa upasuaji, basi kwa mzazi hakisaidii sana.

Mapafu yakishaingiwa, pumzi hukatika ghafla, kifua huchoma akivuta hewa, huenda akakohoa damu au akazimia. Mguu waweza kuwa mzima kabisa. Mwenye selimundu huwa na hatari zaidi, na maumivu yake ya kifua hudhaniwa ni yale yale ya siku zote. Mhesabie mapigo dakika nzima akiwa ametulia: yakizidi 100, oksijeni ya damu ikawa chini ya asilimia 94, na kifua kikasikika safi, msimpe dawa ya pumu mkamrudisha nyumbani.

Mfamasia, Malindi:
Enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, ni miligramu 1 kwa kila kilo, kila saa 12, kwa hiyo mgonjwa apimwe uzito, si kukisiwa. Hudungwa chini ya ngozi ya tumbo na pasisuguliwe. Wafarini, vidonge vya kazi hiyo hiyo, huchukua siku kadhaa kufanya kazi. Sindano iendelee angalau siku 5, na mpaka INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ifike 2 na ikae hapo saa 24. Kuisimamisha siku ya kwanza ya vidonge ni kumwacha bila kinga. Lengo ni INR 2 hadi 3. Mja mzito hapewi wafarini, anayenyonyesha aweza. Rivaroksabani, kidonge kingine cha kuzuia damu kuganda, haifai kwa wote wawili.

Bruufeni, diklofenaki na aspirini ziwekwe mbali. Metronidazoli na kotrimoksazoli huzidisha nguvu ya wafarini hadi mtu akavuja damu, nazo ndizo watu hununua bila kuuliza. Dawa ni miezi 3 kwa uchache, hata mguu ukinywea wiki ya pili.

Muuguzi, Lamu:
La safari, nalimaliza. Aliyekatika pumzi asitembee vichochoroni, abebwe kwa kiti mpaka gatini, akae nusu ameinuka ndani ya boti. Kama doppla iko mbali na shaka ni kubwa, daktari aweza kuanzisha sindano kabla ya picha, mradi hakuna hatari ya kuvuja damu. Kwenye karatasi andikeni saa uvimbe ulipoanza, sentimita za miguu yote miwili, mapigo, uzito, siku aliyojifungua, dawa anazotumia, na saa na kipimo cha sindano. Ile alama ya kalamu mguuni isioshwe, ili anayempokea Mokowe au Malindi apime pale pale.