Memwari juu ya ufadhili wa PME: nitaonyeshaje utafiti unaelekea wapi?

Katuba_Eco
Jambo wandugu. Natayarisha memwari (tasnifu ya kumaliza masomo) ya uchumi hapa Lubumbashi, juu ya ufadhili wa PME, yaani biashara ndogo na za kati. Promota, yaani mwalimu anayenisimamia, anataka sura ya kwanza ionyeshe watafiti walitoka wapi na wanaelekea wapi tangu 1980. Scopus, hazina ya makala za utafiti, ni ya kulipia. Nianzie wapi?

Ramani
Ndugu, ingia Lens (lens.org), nayo ni hazina ya makala, ni bure. Tafuta kwenye vichwa na mihtasari tu. Ukitafuta ndani ya makala nzima utazolewa na kila kitu kinachotaja PME mara moja. Weka maneno ya Kiingereza na ya Kifaransa pia, maana bila Kifaransa nchi za OHADA (umoja wa sheria za biashara Afrika, wengi wao wa Kifaransa) zitafifia. Pakua kwa umbo la RIS (faili ya marejeo), unganisha zilizojirudia ndani ya Zotero, programu ya kupanga marejeo, halafu peleka VOSviewer, programu inayochora ramani ya maneno yanayotokea pamoja. Anza na maneno yaliyotokea angalau mara 5.

Kinachoharibu ramani nyingi ni visawe: "PME" na Kiingereza chake "SME" na "SMEs" zitachorwa duara tatu mbalimbali. Andaa faili ya visawe, safu moja neno lilivyo, ya pili neno la kuliweka mahali pake. Tena, makala za karibu kila mada huongezeka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo pima mada ni sehemu gani ya makala zote za mwaka huo, si idadi tupu.

Mama Ruashi
Mwanangu, ramani bila nadharia ni rangi tu. Soma kwanza Stiglitz na Weiss, 1981: riba ikipanda, wakopaji waangalifu hujitoa na wa hatari hubaki, ndiyo maana banki huona heri kunyima mkopo. Petersen na Rajan, 1994, wakaonyesha faida ya mazoea kati ya banki na mteja. Baadaye majaribio yakageukia masharti yenyewe ya mkopo. Kule India, utafiti uliotoka 2013 ulichelewesha rejesho la kwanza kutoka wiki mbili hadi miezi miwili: wakopaji waliwekeza zaidi, faida ikapanda, lakini walioshindwa kulipa nao wakaongezeka. Usiache hiyo nusu ya mwisho, wengi huiruka.

Kampemba_26
Kwa uwanja wa hapa, uliza deni ni la dola au la franka, na mauzo ni kwa fedha gani. Anayeuza kwa franka akilipa dola hubeba mzigo ambao riba peke yake haiuonyeshi. Likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, nayo iwe na swali lake, ukiuliza "una mkopo?" tu, watu watajibu hapana.

Katuba_Eco
Aksanti sana. Naanza na faili ya visawe leo.