TUPEANE UZOEFU: Mji ukipanuka biashara yako inafaidikaje? (Mwanza na kando ya ziwa)

nondo_buhongwa: Mwangaluka wakuu. Naomba tupeane uzoefu wa kweli, hasa sisi tuliofungua biashara huku pembezoni mji ukiwa ndo unafika. Naanza mimi. 2017 nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini kati, kodi inanimaliza na majirani zangu wote wanauza kilekile ninachouza. Shemeji akaniambia twende Buhongwa, nikaona hanitakii mema maana fremu yenyewe nyuma yake ilikuwa mihogo na mawe tu. Nikaingia na misumari, waya na simenti mifuko ishirini, miezi mitatu ya kwanza nauza misumari nusu kilo nusu kilo. Kumbe mtu akishanunua kiwanja lazima aanze msingi, na viwanja vyetu vya mlimani msingi upande mmoja unapanda mpaka kimo cha mtu, hapo simenti inaenda kweli. Mwakani anarudi kwa bati, mwaka unaofuata rangi na koki, akihamia tu na jirani yake naye anachimba msingi. Mjini mteja alikuwa ananunua mara moja simwoni tena. Saivi mafundi wananipigia usiku wanataka nondo ziwe saiti saa kumi na mbili asubuhi, guta linapakia bado giza.

dagaa_mwaloni: Mimi mtoto wa Ukerewe. Kule kisiwani alikuwa anakuja tajiri mmoja kununua dagaa kwa bei yake, ukimkatalia mvua inakunyeshea mzigo uko mchangani. Nilipohamia soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza nikakuta mnunuzi wa Kongo yupo, wa Burundi yupo, wa Dar yupo, wote wanazunguka magunia yaleyale, wanachota dagaa kiganjani wanasugua na kupuliza waone kama wana mchanga. Huyu akitaja bei yule anaongeza mia tano. Na vitu vyote viko hatua chache, washona magunia, wapakiaji, malori, wakala wa kutuma hela. Mbalamwezi ikiwaka uvuvi unalala, mzigo unakuwa haba, hapo mwenye stoo mjini anakula vizuri sana.

mama_usagara: Jamani mimi mji ulinipiga kwanza ndo ukanibeba. Miaka tisa nimekaanga samaki kivukoni Kigongo, riziki yangu ilikuwa foleni ya magari, basi likisubiri kivuko abiria watashuka tu wale. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita 3 watu wanavuka kwa dakika chache, magari ya Geita yanapita hata hayapunguzi mwendo. Nililia. Nikabeba karai na majiko nikaja Usagara, pale barabara ya Shinyanga inapoachana na ya Sengerema. Wateja wangu wa sasa ni mafundi wanaojenga na vijana wa bodaboda, wanakula kila siku wanalipa Jumamosi. Kivukoni nilikuwa simjui mteja hata sura, hapa mtu asipoonekana siku mbili namuulizia kama anaumwa.

cherehani_igoma: Hongera sana mama. Mimi nashona sare za shule, watu wakihamia watoto wanahamia nao, Januari silali. Ila niwaambie ukweli, mtaa ukichangamka mwenye fremu naye anachangamka. Nilianza na elfu arobaini kwa mwezi, saivi laki na ishirini na anataka ya mwaka mzima mkononi, na wateja hao nimewaleta mimi hapo kwake. Anayeenda sehemu mpya aandikishane mkataba wa miaka mitatu na kiwango cha kodi kimeandikwa humo, afanye hivyo mapema wakati mwenye fremu bado anakubembeleza uingie.

nondo_buhongwa: Fundi umesema kitu kikubwa, mimi kilichoniokoa ni kununua kipande nyuma ya fremu kabla bei haijaruka, stoo iko kwangu. Mama Usagara nikipita nakuja kula hapo.

Sasa naomba mtu wa Kisesa. Nataka kuweka tawi huko njia ya Musoma, naona viwanja vinasafishwa mpaka jioni. Niambieni maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, maana nataka nifyatue na tofali palepale.